Molekuli hazina mkurugenzi

Mwaka huu nilisoma orodha moja ya istilahi za sayansi ambamo neno la Kifaransa «directeur», katika sehemu ya fizikia, limetafsiriwa «mkurugenzi». Mistari michache juu yake kulikuwa na «cristaux liquides: fuwele za maji» na «alignement: mpangilio». Orodha ilikuwa imechapwa vizuri, kila neno na nambari yake, pembeni vifupisho vya kamusi nne zilizotumiwa. Jopo lilimpa mwandishi pointi nzuri. Sitaki kumcheka wala sitamtaja, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kazi hii. Tunapewa neno la Kifaransa, tunafungua kamusi, tunapima mizizi na viambishi, tunachagua. Kitu chenyewe hakimo chumbani.

Maoni yangu, na najua baadhi ya walimu wetu hawatayapenda, ni kwamba mtu ambaye hajaona kitu kikifanya kazi asipewe ruhusa ya kukipa jina. Angalau asipewe pointi kwa jina hilo. Nachukua mfano wa haya maneno matatu kwa makusudi, maana nyuma yake kuna jaribio dogo la umeme na mwanga linaloweza kuamua ugomvi wa maneno ambao kamusi zote nne haziwezi kuuamua.

Kitu chenyewe kila msomaji anacho mfukoni au mezani. Kioo cha kalkuleta, cha saa ya bei rahisi, cha simu nyingi na kompyuta nyingi kina ndani yake tabaka jembamba la kimiminika lililofungwa kati ya vioo viwili. (Simu za bei kubwa siku hizi zina teknolojia nyingine; tuziache kando.) Fundi mmoja wa simu sokoni, nilipomuuliza ndani ya ekra kuna nini, alinionyesha moja iliyopasuka, yenye doa jeusi linalotambaa, akaniambia: «Yaya, ni wino, imemwangika.» Si wino, kwa maana hakuna rangi nyeusi iliyotiwa mle. Lakini vidole vyake vinajua jambo moja ambalo ile orodha haikulijua: mle ndani mna kitu kinachotiririka, na si maji.

Katika maji ya glasi molekuli zinakwenda na kugeuka ovyo. Katika fuwele, kwa mfano punje ya chumvi, kila chembe ina mahali pake. Kati ya hali hizi mbili kuna vitu ambavyo molekuli zake ni ndefu kama vijiti, zinatembea huku na huku kama za kimiminika chochote, hakuna yenye mahali pake, lakini kwa wastani zote zimelala upande mmoja. Fikiria magogo mengi yanayoelea mtoni. Yanapishana, yanasogea, hakuna lenye namba ya kiti, ila yote yamelala kufuata mto. Mfano huo una kasoro yake, kwa sababu mto una juu na chini na unakwenda mahali fulani. Nitaurudia.

Aliyekutana na kitu hiki kwanza hakuwa mwanafizikia. Mwaka 1888, huko Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza unga wa jamii ya kolesteroli. Aliupasha moto. Kwenye digrii 145.5 ukayeyuka ukawa kama uji wenye ukungu. Akaendelea kupasha, na kwenye digrii 178.5 ukungu ukaondoka ghafla, ukabaki mwangavu. Kitu kimoja, kuyeyuka mara mbili. Alimwandikia Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini ambayo iliweza kupasha moto kinachotazamwa na kukitazama kwa mwanga uliochujwa. Lehmann aliona kwamba uji ule unatiririka na papo hapo unachezea mwanga kama fuwele zinavyofanya. Mwaka 1889 alitoa makala juu ya fuwele zinazotiririka, na baadaye jina lililoshika ni fuwele kimiminika.

Watu wa lugha wangepaswa kupenda yaliyofuata, maana kwa miaka zaidi ya thelathini wanasayansi waligombana juu ya jina. Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel, bingwa wa fuwele, aliandika makala ndefu kulipinga jina la Lehmann. Kwake hizi si fuwele, wala si kimiminika cha kawaida. Ni hali za katikati, na alitaka ziitwe hivyo, kwa neno alilolijenga kutoka Kigiriki. Akazigawa katika aina tatu: nematiki, smektiki, kolesteriki. Historia ilifanya kama soko linavyofanya: jina la jumla la Lehmann likabaki, jina la jumla la Friedel likabaki vitabuni mwa wataalamu, na majina yake matatu ya aina yakachukuliwa na dunia nzima.

Ya matatu, la kwanza linatokana na neno la Kigiriki la uzi, la pili na neno la sabuni, la tatu na kolesteroli. Hapo ndipo mtafsiri wa kamusi anapotumbukia. Ataona «uzi», atakumbuka kwamba molekuli ni ndefu, atafurahi, na ataandika «fuwele nyuzi». Itasikika vizuri. Mwanafunzi atakayelisoma ataamini kwamba molekuli ndizo nyuzi. Lakini molekuli hizo ni ndogo mno, hakuna hadubini ya mwanga inayoweza kuzionyesha moja moja. Nyuzi alizoziona Friedel ni mistari myembamba inayoelea ndani ya kimiminika, mahali ambapo ulalaji wa molekuli unavurugika, zisijue zifuate jirani wa huku au wa kule. Kichwani pako unapo mahali kama hapo, pale utosini nywele zinapozunguka na chanuo kushindwa kuzilaza. Kuita aina hii kwa nyuzi zake ni kuita nguo kwa jina la mshono uliofumuka. Friedel alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Alikuwa ameziona na alijua anaita nini. Sisi tukitafsiri uzi wake bila kutazama tulipotoka, tunatafsiri kitu kingine.

Sasa jaribio. Asistanti mmoja wa fizikia alikubali sisi watu wanne wa lugha tukae naye maabarani alasiri moja. Vifaa havikuwa vya kutisha. Alikuwa na vichujio viwili vya mwanga, vipande vya plastiki ya kijivu alivyovibandua kwenye kalkuleta mbovu. Mwanga ni mtikisiko, na mwanga wa taa hutikisika pande zote. Kichujio kama hicho hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Weka cha pili juu ya cha kwanza vikilala sawasawa, mwanga unapita. Geuza cha pili robo ya mzunguko, vikapishana kama msalaba, unapata giza. Giza hilo ndilo kipimo. Chochote kitakachowekwa katikati na kuleta mwanga kimeugeuza mtikisiko, kwa hiyo kina neno la kusema.

Katikati aliweka kikasha chembamba: vioo viwili vilivyoachana kwa mikrometa 10, chini ya unene wa unywele. Upande wa ndani kila kioo kimepakwa oksidi ya indiumu na bati, ambayo huonyesha kama kioo na hupitisha umeme kama chuma, na juu yake utando wa plastiki uliosuguliwa kwa kitambaa kwa njia moja. Kusugua huko si kusafisha. Molekuli zinazogusa utando hulala kufuata njia ya kitambaa, na zile za katikati huiga zile za pembeni. Ndani ya kikasha mlikuwa na kitu kiitwacho 5CB, cha familia iliyotengenezwa na George Gray na wenzake mjini Hull, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1973. Uzuri wake ni kwamba kinadumu na kinakuwa nematiki kati ya digrii 24 hivi na 35, yaani karibu hali ya hewa yetu wenyewe. Mwezi wa kumi, saa nane ya mchana chini ya paa la mabati, inabidi kuangalia kisije kikageuka kimiminika cha kawaida kabla ya somo kuisha.

Kwanza mwanga peke yake. Alizungusha kikasha polepole kati ya vichujio vilivyopishana. Giza, mwanga, giza, mwanga. Katika mzunguko mmoja kamili giza lilikuja mara nne. Linakuja pale molekuli zinapolala sawasawa na kichujio kimoja au kingine. Katikati ya giza na giza, kwenye digrii 45, mwanga unafika kileleni: hapo unagawanyika sehemu mbili, moja ikitikisika kufuata urefu wa molekuli na nyingine ikizikata, kila moja na mwendo wake, na zikiungana tena upande wa pili mtikisiko si ule ulioingia. Sote tuliandika daftarini jambo moja. Ukikigeuza kikasha nusu ya mzunguko, kilichokuwa mbele kikawa nyuma, unachokiona hakibadiliki hata kidogo. Mwanga hauulizi kichwa kiko wapi na mkia uko wapi.

Kisha umeme. Alikiacha kikasha kwenye digrii 45, akapitisha mwanga mwekundu wa leza, akaunganisha nyaya kwenye vioo viwili. Nusu volti: hakuna kitu. Volti 0.7: hakuna kitu. Karibu na 0.8 mwanga ukaanza kuhama. Kadiri alivyopandisha, ukafifia, ukarudi, ukafifia tena, karibu mara tatu, mpaka mwishoni likabaki giza lililotulia. Molekuli zilikuwa zinainuka. Zilitoka kulala juu ya kioo zikaenda kusimama wima kwake, kufuata uga wa umeme. Na mwanga unaopita sambamba na urefu wa molekuli hauna tena sababu ya kugawanyika. Zile mara tatu si pambo. Ukijua rangi ya leza na unene wa kikasha, kuzihesabu ni kupima tofauti ya mwendo kati ya zile sehemu mbili za mwanga. Kijana mwenye kalamu na karatasi anaweza kufanya hesabu hiyo.

Ule utulivu kabla ya 0.8 ulinivutia kuliko mwendo wenyewe. Uga unavuta tangu volti ya kwanza ndogo, lakini kioo kimeshika molekuli za pembeni na hizo zinashika za katikati, na mpaka kiasi fulani kifikiwe hakuna hata moja inayoonekana kusogea. Zikianza, zinaanza za katikati, zilizo mbali na kioo. Ukichukua kikasha kinene zaidi, volti ya kuanzia ni ileile: kinene ni rahisi zaidi kupindwa, lakini kwa volti zilezile uga ndani yake ni dhaifu zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana. Mpaka huo una jina la Mrusi Vsevolod Fréedericksz, aliyeuchunguza mjini Leningrad, kwanza kwa sumaku, katika miaka ya 1920 kwenda 1930. (Wenzangu wa filolojia watafute wenyewe jina hilo limeandikwa kwa namna ngapi. Mimi nimekutana na nne.)

Halafu asistanti akafanya lile lililonifanya niandike makala haya. Aliondoa chombo cha umeme, akachukua betri ya tochi ya volti 1.5, akagusisha nyaya. Mwanga ukahama: molekuli zimeinuka. Akatoa, akasubiri zilale, akaigeuza betri, chanya ikawa mahali pa hasi, akagusisha tena. Zikainuka vilevile. Jirani yangu alitaka arudie, naye akarudia. Chanya juu, chanya chini, hakuna tofauti. (Hakuiacha betri pale muda mrefu. Umeme wa upande mmoja hurundika chembe zenye chaji kwenye vioo na kuharibu kipimo, ndiyo sababu katika kazi halisi hutumiwa umeme unaogeuka-geuka, kwa kawaida mara 1,000 kwa sekunde. Na hata huo kugeuka-geuka haungefaa kitu kama molekuli zingejali upande.)

Turudi kwenye orodha yetu. «Alignement: mpangilio.» Kupanga kwa Kiswahili ni kukipa kitu mahali. Viti vinapangwa, vitabu vinapangwa kwenye rafu; ukichukua kimoja panabaki pengo lake. Molekuli hizi hazina rafu. Zinatangatanga kama za kimiminika chochote, na kama zingekuwa na mahali pake pa kudumu tungekuwa na fuwele ya kawaida, na skrini isingefanya kazi. Neno mpangilio linafuta nusu ya kwanza ya kile ambacho Reinitzer alikiona, ule uji.

Katika majadiliano, mwenzetu mmoja alipendekeza «mwelekeo», na hili ni neno lenye nguvu, wengi wangelikubali bila kufikiri. Lakini kuelekea kuna mwisho wake. Basi linaloelekea Likasi si lile linaloelekea Kasumbalesa, hata kama yote mawili yako kwenye barabara ileile. Ukiligeuza basi mwelekeo wake umegeuka. Kitu kilichogeuzwa mbele nyuma mbele ya macho yetu, kwa mwanga na kwa betri, kikabaki kilekile, hakiwezi kuwa na mwelekeo kwa maana hiyo. Kila molekuli ya 5CB, ukiitazama peke yake, ina ncha mbili zisizofanana, moja ina nitrojeni na nyingine ina mkia wa kaboni na hidrojeni. Lakini katika umati wao, zilizoangalia huku ni nyingi sawa na zilizoangalia kule. Umati hauna kichwa.

Ninachotetea ni «mlalo». Gogo limelala kufuata mto. Ligeuze ncha kwa ncha, bado limelala kufuata mto. Upepo ukipita kwenye shamba tunasema nyasi zimelala upande huu, hatusemi zinakwenda wapi. Kulala hakusemi mahali na hakusemi kichwa, na hivyo ndivyo jaribio lilivyosema, mara ya kwanza kwa mwanga, mara ya pili kwa umeme. Hapo ile kasoro ya mfano wangu wa magogo inaondoka: ondoa maji yanayokwenda, bakiza ulalaji. Na lile «directeur» la wanafizikia wa Kifaransa, ambalo ni mstari wa kufikirika tu unaoonyesha molekuli zimelala vipi kwa wastani mahali fulani, liwe «mstari wa mlalo». Hakuna anayeamuru mle. Molekuli hazina mkurugenzi, na mambo yao yanakwenda vizuri kuliko katika ofisi nyingi ninazozijua.

Kuna pingamizi la kweli, na limetoka kwa mwanafunzi wa hesabu: katika vitabu vya hisabati vya Kiswahili mlalo ni kinyume cha wima. Ukisema kwamba umeme umebadilisha mlalo wa molekuli ukawa wima, mwanafunzi atacheka, na atakuwa na haki. Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba tuseme daima «mlalo wa molekuli», maneno yote matatu, na pale tunapohitaji kusema zimelalaje tuseme «sambamba na kioo» au «wima kwa kioo». Lugha inayoweza kuwa na kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni bila ajali haitashindwa na hili. Mwenye neno bora alilete, lakini alilete maabarani, tulipime na betri.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu wetu, na ni zito zaidi kwa sababu ni la fedha na saa. Maabara ni chache, umeme unakatika, asistanti wa fizikia ana kazi zake, na mwanafunzi wa lugha anapaswa kumaliza maneno 300 ili kazi yake ikubaliwe. Ndiyo. Basi tupunguze maneno. Sioni faida ya maneno 300 ambayo 40 kati yake hayawezi kutumika katika sentensi. Maneno 30, kila moja na ukurasa wake wa Kiswahili kinachosomeka, unaoeleza kitu hicho kinafanya nini, uliosomwa kwa sauti mbele ya mtu anayekishika kila siku, iwe ni asistanti wa fizikia au fundi wa sokoni, na maswali yake yakaandikwa. Huo ndio mtihani. Neno «mkurugenzi» lisingepita dakika mbili mbele ya mtu kama huyo. Vifaa vya kuanzia ni kalkuleta iliyokufa na betri ya tochi. Sijaona fakulte isiyo na kalkuleta zilizokufa.

Wapo pia wanaosema matumizi ndiyo yanayoamua, jina la Lehmann lilishinda ingawa bingwa wa fuwele alilikataa, kwa nini tujisumbue. Hoja hii naiheshimu kwa nusu. Lehmann alishinda, lakini alikuwa ameinamia hadubini. Friedel alipinga, na yeye pia alikuwa ameiinamia. Wote wawili walikuwa wakigombana juu ya kitu walichokiona, ndiyo maana hata aliyeshindwa alituachia majina matatu. Kwa Kiswahili matumizi bado hayajaamua lolote. Kwa habari ya vitu hivi tupo kama mwaka 1889, makala ya kwanza ndiyo kwanza inatoka. Miaka ishirini baadaye haitakuwa rahisi hivi kulitoa neno bovu.

Na litakuwa limekaa wapi? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Katika mikoa yetu ya mashariki na kusini watoto wengi wanaanza darasa kwa lugha hii kabla ya kuhamia Kifaransa. Wanaohitimu katika fakulte yetu ndio wanaoandika vitabu vidogo vya shule, ndio wanaotafsiri kwa ajili ya redio, ndio wanaosimama mbele ya darasa. Mwalimu atakayepewa «mpangilio» atalazimika kwanza kumfundisha mtoto kwamba neno hilo hapa halina maana yake ya kawaida, kisha ndipo afundishe kitu. Wengi hawatapata muda wa hatua ya kwanza. Watahamia Kifaransa katikati ya sentensi, na mtoto atajifunza siku hiyo kwamba Kiswahili kinaishia pale vitu vya maana vinapoanzia. Nimekaa katika darasa kama hilo, na sikumlaumu mwalimu.

Hata hivyo sisemi kila kitu kitafsiriwe. «Nematiki» naiacha kama ilivyo, kwa Kiswahili cha matamshi, kwa sababu tumeona uzi wake unapotosha. «Smektiki» pia ningeiacha, ingawa hapo nashawishika: molekuli za aina hiyo zimelala na juu yake zimejipanga katika matabaka yanayoteleza, moja juu ya lingine, na yeyote aliyebonyeza kipande cha sabuni kilicholowa amehisi jambo la namna hiyo vidoleni. Kwa smektiki hata neno mpangilio linapata kazi yake ya haki, kwa kuwa matabaka yana mahali. Ndipo unapoona kwa nini lisitumiwe kwa nematiki: tungebaki bila neno la kuzitofautisha.

Uga nao nautetea kwa haraka, kwa sababu wapo wanaopendelea «uwanja wa umeme». Uwanja una mipaka na timu mbili. Uga ni neno fupi, lipo tayari katika maandishi ya fizikia ya Kiswahili, halijachoka kwa matumizi ya kila siku huku kwetu, na linakubali viambishi bila kelele.

Ya tatu, kolesteriki, bado inatugawanya. Ndani yake mlalo wa molekuli haukai mahali pamoja: kila ukipanda kidogo unakuta umegeuka kidogo, kama ngazi ya kuzunguka, na mzunguko huo ukilingana na urefu wa wimbi la mwanga fulani kimiminika kinang'aa rangi hiyo, nyekundu, kijani au buluu, kufuatana na joto. Wawili kati yetu wanataka «msokoto», kwa sababu ya kamba. Mmoja anasema kamba ni uzi uliosokotwa na hapa hakuna kinachosokotwa, kuna mlalo tu unaogeuka, na anapendekeza «mzunguko wa mlalo». Mimi sijaona kolesteriki kwa macho yangu, kwa hiyo sina kura. Asistanti ameahidi kuileta muhula ujao, na tangazo litabandikwa kwenye valvu. Nafasi ni sita.